BOMBA NA SARUJI CHINI YA ARDHI: JINSI KISIMA KIREFU KINAVYOSTAHIMILI MSUKUMO MKUBWA

Watu wa Mkomani, ng'ambo ya Bandari ya Kale ya Mombasa, wamezoea habari za visima tangu zamani. Ardhi yao ni jiwe la matumbawe, na mchimbaji aliye hodari, mwenye mtaimbo, sururu na ndoo ya kutolea mawe, huweza kuyafikia maji bila kutumia mtambo wowote. Kisima cha namna hiyo hakina matata mengi. Jiwe lenyewe husimama kama ukuta, juu hujengwa ukingo, na maji hukaa kwa utulivu yakingoja kutekwa. Hayana nguvu ya kupanda wala ya kupasua kitu.

Lakini viko visima vya namna nyingine kabisa. Huko Olkaria, karibu na Naivasha katika Bonde la Ufa, viko visima vyenye kina cha hata mita 3,000, na kitokacho humo si maji ya kutekwa kwa ndoo, bali ni mvuke wenye nguvu kubwa. Mvuke huo huzungusha mitambo, mitambo hufanya umeme, na umeme huo huingia katika nyaya za nchi nzima. Kwa hiyo taa iwakayo usiku katika nyumba ya Mkomani huenda yapata sehemu ya nguvu zake kutoka chini ya ardhi ya Olkaria.

Ni kitu gani basi kinachouzuia mvuke huo usiupasue mdomo wa kisima na kutoka ovyo? Jibu lake ni vitu viwili ambavyo kila fundi mwashi anavijua: bomba la chuma na saruji. Kila kimoja kina udhaifu wake kikiwa peke yake. Vikishikamana sawasawa huweza kustahimili mambo ambayo hakuna kimoja kingeweza kuyastahimili bila mwenzake. Lakini ikibaki nafasi ndogo kati yao, hata isiyozidi unene wa karatasi, kazi ya fedha nyingi huweza kuharibika. Yafaa jambo hili lielezwe hatua kwa hatua.

VISIMA VYA OLKARIA

Kazi ya kuutafuta mvuke wa Olkaria kwa kuchimba ilianza katika mwaka 1956. Visima viwili vilichimbwa, lakini mvuke wa kutosha haukupatikana na kazi ikaachwa. Ilianzwa tena baada ya mwaka 1970, na katika mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kutoa umeme. Kufikia mwaka 1985 mitambo ilikuwa mitatu, yenye megawati 45 kwa jumla. Tangu hapo visima vimeongezwa mwaka baada ya mwaka, na sasa mitambo ya mvuke wa ardhini nchini Kenya ina uwezo wa megawati zaidi ya 900, nayo hutoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote nchini.

Kisima cha Olkaria hakichimbwi kwa upana mmoja toka juu hadi chini. Kwanza huchimbwa tundu pana, na ndani yake hushushwa bomba la inchi 20, lifikalo mita 50 au 60 hivi. Kisha mtambo hupita ndani ya bomba hilo na kuchimba tundu jembamba zaidi, na humo hushushwa bomba la inchi 13 na 3/8, mpaka mita 300 au 400. La tatu ni la inchi 9 na 5/8, ambalo kwa kawaida hufika kati ya mita 750 na 1,200. Mabomba haya matatu hupangwa moja ndani ya jingine, kama mtu apangavyo vikombe vya ukubwa mbalimbali, na yote matatu huzungushiwa saruji. Chini yake hushushwa bomba la inchi 7 lenye matundu mengi. Hili halitiwi saruji, maana kazi yake ni kuuruhusu mvuke uingie kisimani.

Mabomba ya juu yana kazi nne. Huzuia mwamba mbovu usiporomoke ndani ya kisima. Huzuia maji baridi ya tabaka za juu yasiingie na kuupoza mvuke. Huzuia mvuke usipenye pembeni ukatokea mahali pasipotakiwa. Na mwisho, hubeba vali kubwa zilizo juu ya mdomo wa kisima, ambazo kwazo kisima hufunguliwa na kufungwa.

SARUJI HUFIKAJE HUKO CHINI?

Watu wengi hudhani kwamba saruji humiminwa tu kutoka juu kati ya bomba na mwamba, kama fundi amiminavyo zege katika msingi wa nyumba. Sivyo. Nafasi hiyo ni nyembamba na ndefu mno, na saruji iliyomiminwa kutoka juu ingekwama njiani na kuacha mapengo.

Njia itumikayo ni kinyume chake. Kwanza bomba lote hushushwa, vipande vyake vikiwa vimekazwa kimoja juu ya kingine, na nje yake huwekwa vishikizi vya chuma vya kuliweka katikati ya tundu. Bomba likiegemea upande mmoja, saruji haitapita upande huo. Baada ya hapo tundu husafishwa kwa kuzungusha maji au tope la kuchimbia. Ndipo saruji iliyokorogwa na maji hata ikawa kama uji husukumwa kwa pampu kupitia ndani ya bomba, mpaka ikafika mguuni, ikageuka, na kupanda juu kwa nje, ikilisukuma tope mbele yake. Kazi huwa imefanikiwa uji huo unapoonekana ukitokeza juu ya ardhi. Mara nyingine miamba ya Bonde la Ufa huwa na nyufa, na uji hupotelea humo kabla ya kufika juu. Hapo hubidi kujazia kutoka juu, na kungoja, na kujazia tena mpaka nafasi yote ijae.

Saruji yenyewe ni ndugu wa ile inayojulikana sana katika pwani. Kiwanda cha Bamburi, kilicho upande wa kaskazini wa Mkomani, kilianza kutoa saruji katika mwaka 1954, na jiwe lake kuu la kutengenezea ni lile lile la matumbawe ambalo wachimba visima hulivunja kwa mtaimbo. Lakini saruji ya kujengea nyumba haiwezi kutumiwa ilivyo katika kisima cha mvuke. Joto likipita nyuzi 110 hivi, saruji ya kawaida hubadilika ndani yake, hupoteza nguvu na kuanza kupitisha maji. Kwa sababu hiyo huchanganywa na unga laini wa mchanga wa silika, kiasi cha sehemu 35 mpaka 40 kwa kila sehemu 100 za saruji. Unga huo huifanya idumu katika moto mkali.

MSUKUMO NI NINI?

Mtu anayepiga mbizi baharini huhisi masikio yakibanwa kadiri anavyozidi kushuka. Sababu yake ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita 10 za maji huongeza msukumo wa kilo moja juu ya kila sentimeta moja ya mraba, yaani eneo dogo kama ukucha wa kidole. Katika kina cha mita 1,000 za maji msukumo huwa kilo 100 kwa sentimeta ya mraba. Uji wa saruji ni mzito karibu mara mbili ya maji, kwa hiyo mita 1,000 za uji huo husukuma kwa nguvu ya kilo 180 au zaidi.

Maji ya moto yana msukumo mwingine tena. Maji yaliyo katika sufuria huchemka yafikapo nyuzi 100, lakini yakibanwa hayachemki mpaka joto lizidi sana. Chini ya ardhi ya Olkaria joto hupita nyuzi 300. Maji ya joto hilo huweza kubaki maji endapo tu yamebanwa kwa msukumo wa kadiri ya kilo 87 kwa sentimeta ya mraba. Yakipata nafasi, hugeuka mvuke mara moja na kurusha kila kilicho mbele yake.

BOMBA LIKISUKUMWA KUTOKA NDANI

Chukua bomba lile la inchi 9 na 5/8, lenye unene wa milimita 12. Msukumo wa ndani hutaka kulitanua, na chuma chake huvutika kulizunguka bomba, kama zivutikavyo pete za chuma zilizofungwa katika pipa la mbao lililojaa. Kadiri bomba lilivyo nene na chuma chake kilivyo kigumu, ndivyo linavyostahimili zaidi. Kadiri lilivyo pana, ndivyo linavyopasuka upesi zaidi. Kwa hesabu za wahandisi, bomba la ukubwa huu lililofanywa kwa aina ya chuma itumiwayo sana katika visima vya mvuke huweza kustahimili msukumo wa ndani wa kadiri ya kilo 330 kwa sentimeta ya mraba, hata likiwa peke yake bila saruji.

Msomaji ataona kwamba kilo 330 ni nyingi kupita kilo 87 za maji ya moto. Kama ni hivyo, saruji ya nini? Jibu ni kwamba hatari kubwa haitoki katika msukumo wa ndani tu. Na hata msukumo huo wa ndani una jambo lake la siri.

Bomba likitiwa msukumo wa kilo 100 hutanuka kidogo sana: kipenyo chake huongezeka kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo ni unene wa karatasi. Jicho haliwezi kuona. Lakini saruji iliyolizunguka huona. Saruji ina nguvu nyingi ikigandamizwa, bali ni dhaifu ikivutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kadiri ya sehemu moja ya kumi ya ile ya kugandamizwa. Ndiyo sababu fundi anayejenga nyumba hutia vyuma ndani ya zege la boriti. Bomba likitanuka, huigandamiza saruji kwa nje, na saruji huvumilia hilo. Lakini wakati huo huo huivuta kuizunguka, na ikizidi huipasua nyufa zinazoelekea nje, kama nyufa za chungu.

Msukumo ukiondolewa, chuma hurudi katika ukubwa wake wa kwanza, maana chuma ni kama mpira, hunyoosheka na kurudi. Saruji haina tabia hiyo. Ikiwa imekwisha kupasuka au kugandamizwa kupita kiasi, haiwezi kulifuata bomba. Hapo hubaki mwanya mwembamba kulizunguka bomba lote. Maji mazito hayapiti kwa urahisi katika mwanya huo, lakini gesi hupita, ikapanda polepole mpaka juu. Kwa hiyo mafundi wenye maarifa hawaliachi bomba na msukumo mkubwa ndani wakati saruji inapoganda. Wakifanya hivyo, saruji itaganda ikilizunguka bomba lililotanuka, na siku msukumo utakapopungua mwanya utakuwa umekwisha kupatikana.

BOMBA LIKISUKUMWA KUTOKA NJE

Bomba husinyaa kwa urahisi kuliko linavyopasuka. Kopo tupu likibanwa kwa mkono huonyesha jambo hili: likiwa duara kamili hustahimili, lakini likipata bonde dogo upande mmoja hukunjika ghafula. Umbo la duara ni kama tao la mlango wa nyumba za mawe. Kila sehemu huitegemea jirani yake. Tao likipinda, nguvu yake hupotea. Bomba lile lile ambalo hustahimili kilo 330 kutoka ndani hustahimili kadiri ya kilo 270 tu kutoka nje, nalo likiwa si duara sawasawa, au likiwa limeliwa na kutu, hushindwa mapema zaidi.

Hapa ndipo saruji inapotoa msaada wake mkubwa. Ili bomba lisinyae, lazima kwanza libonyee pande mbili na kutokeza pande nyingine mbili, mithili ya yai. Saruji iliyojaa pande zote hulizuia lisitokeze, na kwa hiyo hulizuia lisibonyee. Lakini msaada huo upo ikiwa saruji imejaa pande zote. Ikijaa upande mmoja na kuacha pengo upande mwingine, bomba hupata mahali pa kutokea, na pengine huwa katika hali mbaya kuliko kama lisingekuwa na saruji kabisa.

JOTO NA CHUMA KILICHOSHIKWA

Kila chuma hurefuka kikipata moto. Bomba lenye urefu wa mita 1,000, likipata joto la nyuzi 200 zaidi, lingerefuka kwa mita 2.4 kama lingekuwa huru. Kisimani haliko huru. Saruji imelishika toka juu hadi chini na kulifunga katika mwamba. Kwa kuwa haliwezi kurefuka, nguvu ile hubaki ndani ya chuma chenyewe, nacho hugandamizika. Kwa kila nyuzi moja ya joto chuma hupata mzigo wa kadiri ya kilo 24 au 25 kwa sentimeta ya mraba. Joto likiongezeka kwa nyuzi 160 hivi, aina ile ya chuma hufika mwisho wa uvumilivu wake, nayo huanza kukubali, yaani hufupika kwa namna isiyorudi.

Jambo hilo peke yake halivunji kisima. Saruji ikiwa imeshika sawasawa, bomba haliwezi kupinda wala kujikunja; hufupika tu mahali pake. Hatari huja wakati wa kupoa. Chuma kilichokwisha kufupika katika moto, kikipozwa ghafula kwa kumiminiwa maji baridi, hutaka kunywea zaidi, na saruji hukizuia tena. Sasa kinavutwa badala ya kugandamizwa, na viungo vya kukazia vipande vya bomba huweza kuachana. Kwa hiyo kisima kipya hupashwa moto polepole, na kisima cha zamani kinachotaka kutengenezwa hupozwa polepole. Haraka ya siku moja huweza kuiharibu kazi ya miezi.

TONE LA MAJI LILILOFUNGIWA

Mtu yeyote aliyekaanga bisi ameona jinsi kiasi kidogo cha maji, kilichofungiwa ndani ya punje ya mahindi, kinavyoweza kuipasua punje hiyo kwa kishindo. Katika kisima kirefu jambo linalofanana na hilo huweza kutokea, nalo ni miongoni mwa maadui wakubwa wa visima vya mvuke popote duniani.

Ikiwa saruji iliyowekwa kati ya bomba la nje na bomba la ndani iliacha mfuko wa maji, mfuko huo hautaonekana siku ya kazi. Kisima kitafungwa vizuri na kupimwa kikiwa baridi, na hakuna kitakachoonekana kibaya. Lakini mvuke ukianza kupita, maji yale hupata moto, nayo hutaka kutanuka. Hayana pa kwenda, kwa kuwa nje kuna chuma na saruji, na ndani kuna chuma. Maji yaliyokwisha kufika nyuzi 100, yakifungiwa hivyo pasipo nafasi yoyote, huongeza msukumo wa kadiri ya kilo 15 au 16 kwa sentimeta ya mraba kwa kila nyuzi moja ya joto. Nyuzi 20 tu huleta msukumo wa kilo 300 au zaidi, na bomba la ndani, kama ilivyoelezwa, husinyaa kwa kilo 270. Bomba hubonyea ndani ya kisima, njia ya mvuke hufinywa, na kisima kilichogharimu fedha nyingi huwa kimeharibika kwa sababu ya maji yasiyojaza pengine hata debe moja.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba saruji lazima ijae kabisa kati ya bomba na bomba. Hakuna chuma kinene kiasi cha kuweza kulisamehe kosa hilo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa asiyeziba ufa huchimba kisima kipya.

SARUJI HUPIMWAJE PASIPO KUONEKANA?

Mwashi anayetaka kujua kama lipu imeshika ukutani huigonga kwa kidole. Iliyoshika hutoa sauti butu. Iliyoachana hutoa sauti ya uwazi. Muuza nazi naye huligonga tunda na kulisikiliza. Wahandisi hutumia njia iyo hiyo. Chombo maalumu hushushwa kisimani kwa waya, nacho hupiga sauti na kusikiliza jinsi inavyorudi. Bomba lisiloshikwa na saruji hulia kama kengele inayoning'inia. Bomba lililoshikwa hunyamaza upesi, kama kengele iliyokamatwa kwa mkono. Sauti huandikwa kwa kila kina, na mwenye kujua kusoma maandiko hayo hutambua mahali penye pengo.

Kipimo cha pili ni cha msukumo. Maji husukumwa ndani ya bomba mpaka kufikia kiasi kilichowekwa, pampu husimamishwa, na saa hutazamwa. Msukumo ukishuka, pana mahali panapovuja. Huweza pia kupimwa kwa kinyume chake, kwa kuupunguza msukumo wa ndani na kutazama kama kuna kitu kinachoingia kutoka nje.

HASARA ILIYOTOKEA

Ulimwengu ulipata kujua gharama ya kuvipuuza vipimo hivi mnamo tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko. Mtambo uitwao Deepwater Horizon ulikuwa ukimaliza kuchimba kisima cha mafuta kiitwacho Macondo, mahali ambapo bahari ina kina cha mita 1,500 hivi. Saruji iliyowekwa chini ya kisima haikuizuia gesi na mafuta. Mafundi waliokuwa wamefika tayari kwa kuipima saruji kwa sauti walirudishwa bila kuifanya kazi hiyo. Kipimo cha msukumo kilifanywa na kilionyesha dalili mbaya, lakini kilihesabiwa kuwa ni chema. Usiku ule gesi ilipanda ikalipuka. Watu 11 walikufa, mtambo ukazama baada ya siku mbili, na mafuta yakaendelea kumwagika baharini kwa muda wa siku 87.

Kisima cha mafuta na kisima cha mvuke si kitu kimoja, lakini bomba na saruji hufuata sheria moja katika vyote viwili. Watu hawa hawakufa kwa kukosa chuma kinene. Walikufa kwa sababu mlango uliodhaniwa kuwa umefungwa ulikuwa wazi, na dalili ziliwapo.

FUNZO KWA WENYE VISIMA VIDOGO

Msomaji wa Mkomani, Kisauni, Likoni au Changamwe anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya wahandisi, hayamhusu yeye. Kweli katika kisima cha nyumbani hakuna mvuke wa kuogopa. Hata hivyo, siku hizi visima vingi vya mjini huchimbwa kwa mtambo na kutiwa bomba, na makosa yale yale huweza kutokea kwa namna nyingine. Hayaleti mshindo, huleta maradhi.

Bomba la kisima cha maji likishushwa katika tundu pana kuliko lenyewe, hubaki nafasi kulizunguka. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, au ikijazwa kifusi tu, huwa mfereji wa kupeleka chini maji machafu ya juu ya ardhi: maji ya mvua yaliyopita jaani, maji ya kufulia, na yatokayo vyooni. Jiwe la matumbawe nalo lina nyufa na matundu mengi, kwa hiyo uchafu husafiri ndani yake upesi kuliko katika udongo wa mfinyanzi. Maji yatokayo katika bomba jipya huonekana safi machoni, na mwenye nyumba hutulia moyo, kumbe maji ya choo yanashuka nje ya bomba lake.

Dawa yake ni ile ile ya Olkaria kwa kiasi kidogo. Sehemu ya juu ya bomba, isiyopungua mita 3, yapasa izungushiwe saruji iliyojaa pande zote, na juu ya ardhi ijengwe sakafu ya saruji yenye mteremko wa kuyaondoa maji. Choo cha shimo kisiwe karibu. Umbali wa mita 30 ndio hutajwa mara nyingi, na katika ardhi ya matumbawe kuzidisha ni bora kuliko kupunguza.

Liko na jambo la chumvi. Katika pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kadiri ya hesabu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Mtu akivuta kwa pampu kupita kiasi, akashusha maji kwa mita moja, maji ya chumvi huweza kupanda mita nyingi kutoka chini. Bomba refu haliponyi jambo hili. Huenda likaleta chumvi mapema zaidi. Nalo bomba la chuma likikutana na chumvi huliwa na kutu, na mahali palipotobolewa na kutu hapazuii tena kitu chochote.

Kwa hiyo kila anayetaka kuchimbiwa kisima cha mtambo yampasa kwanza apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kama sheria ya nchi inavyotaka. Kisha amwulize mchimbaji maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Tundu litakuwa pana kuliko bomba kwa kiasi gani? Nafasi hiyo itajazwa nini, na mpaka kina gani? Itajulikanaje kwamba imejaa? Mchimbaji aliye fundi wa kweli atayajibu bila kusita, naye atakubali mwenye kisima asimame na kutazama saruji ikijaa mpaka ikatokeza juu. Asiyeweza kuyajibu, afadhali aachwe aende zake na mtambo wake, maana kosa lililofunikwa na ardhi halionekani mpaka limekwisha kuleta hasara.